Nilikuja na Feni: Vidokezo 12 vya Wikiendi kwa Mwanafunzi Mgeni wa Njombe na Makambako

Nilipotoka Mombasa kuja kusoma Tanzania nilibeba feni ya mezani. Mama ndiye aliyesisitiza. Mwanawe hajawahi kulala bila upepo. Basi la kutoka Dar es Salaam likanishusha Makambako usiku, mwezi wa Juni, nikiwa na shati la mikono mifupi na boksi la feni kwapani. Mpiga debe wa kwanza kuniona akalitazama boksi, akanitazama mimi, akauliza kwa huruma, "Kaka, hiyo unakwenda kupoza nini?"

Chuo changu kilikuwa Njombe, kilomita zipatazo 60 mbele zaidi. Masomo nitayasimulia siku nyingine. Hapa nazungumzia Jumamosi na Jumapili zangu, maana mwanafunzi anayekaa nchi ya watu miaka miwili akarudi kwao anajua njia ya bwenini na ya kantini tu, nauli yake imepotea bure.

1. Panga kurudi kabla ya kwenda.

Mtalii huuliza gari la kwenda. Mwanafunzi na aulize la kurudi, kwa sababu Jumatatu asubuhi jina lake litasomwa kwenye daftari la mahudhurio. Magari madogo ya huku huondoka yakijaa, si saa ikifika. Konda atakwambia "bado wawili tu", na hao wawili watachukua saa nzima kupatikana. Jumapili moja nilizubaa Mafinga nikifurahia mji, nikafika Makambako saa nne usiku na Coaster ya mwisho ya Njombe ilishaondoka. Nililala gesti ya nyuma ya stendi, blanketi moja jembamba, malori yakinguruma hadi alfajiri. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: Jumapili ikifika saa tisa alasiri, uso uwe umeshageukia nyumbani. Ambacho hujakiona kufikia saa hiyo, kiachie wikiendi nyingine.

2. Iheshimu baridi.

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hukaa barabarani hadi asubuhi inapochoka, na upande wa Makete majani huamka yamefunikwa sakitu, ile barafu nyembamba inayolia chini ya kiatu. Usinunue koti jipya la bei mbaya. Nenda kwenye mitumba ya sokoni, utapata majaketi mazito yaliyovaliwa Ulaya, na muuzaji ataona kwa jinsi unavyotetemeka kuwa huna nguvu ya kubishana bei. Kwa hiyo punguza kutetemeka kwanza, ndipo uulize.

Neno moja ambalo si la mzaha. Utaalikwa, au utashawishika mwenyewe, kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku. Ota moto, zungumza, kisha litoe nje kabla ya kulala. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala hapati onyo. Blanketi la pili ni nafuu kuliko msiba.

(Mama bado hupiga simu kuuliza kama feni inafanya kazi. Humjibu inafanya. Si uongo, niliijaribu.)

3. Anza na kilicho karibu na pua yako.

Wanafunzi wageni wana ugonjwa mmoja. Wakisikia wikiendi wanawaza Serengeti, wakipiga hesabu ya nauli wanarudi kulala. Wakati huohuo maporomoko ya mto Ruhuji, ambayo wenyeji huyaita Luhuji, yanamwaga maji pembeni mwa barabara ya Makambako, mwendo wa miguu kutoka mjini Njombe. Hakuna anayeyashangaa, kwa kuwa watu hupita hapo kila siku wakienda kazini. Nenda Jumamosi asubuhi, ukae. Maji unayoyaona yanateremka kwenda Kilombero, kisha Rufiji, kisha Bahari ya Hindi. Mimi mtu wa pwani nilisimama pale nikaona maji yale yanafika kwetu kabla yangu, tena bila nauli.

Jumamosi nyingine panda bodaboda hadi Kibena, penye misitu ya miwati. Kampuni ya miwati, TANWAT, ilianzishwa huko mwaka 1949, na gome la mti huo ndilo linalotoa dawa ya kulainishia ngozi za viatu na mikoba. Miti ikichanua, maua yake ya manjano hunukia mpaka unasahau uliyekuwa umemkasirikia. Pita pia kwenye mashamba ya chai ya Luponde. Kwa mgeni, mashamba hayo ni picha nzuri. Kwa wanaochuma ni kazi, kwa hiyo salimia kabla ya kutoa simu.

4. Omba, usidai.

Kidokezo hiki ni kwa Wakenya wenzangu hasa. Kwetu mtu huingia hotelini akasema "nipe chai", na hakuna anayenuna. Huku maneno hayohayo huangukia masikio kama umekuja kukamata mtu. Sema "naomba chai". Mkubwa mwamkie shikamoo, hata kama ni konda mwenye ndevu tatu. Ukitaka kufunguliwa milango ya Ubena, nchi ya Wabena, jifunze neno moja tu: "Kamwene." Utajibiwa "Kamwene", na baada ya hapo utasikia mvua ya Kibena, lugha yao, usiyoielewa hata tone. Cheka, rudi kwenye Kiswahili.

"Kamwene, mama. Shikamoo."
"Marahaba, mwanangu. Umetokea wapi wewe?"
"Mombasa."
"Mombasa! Hebu sogea huku kwenye jiko."

Njia nyingi nilizozijua nilielekezwa na akina mama wa sokoni baada ya mazungumzo ya namna hiyo, si na simu.

5. Makambako isiwe mahali pa kubadilisha gari tu.

Wengi wanaijua Makambako kwa dirisha la basi: njia panda, malori, mahindi ya kuchoma, basi. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inaachana hapo na ile ya Njombe na Songea, na ndiyo maana mji haulali. Lakini shuka siku moja bila haraka, tembea hadi stesheni ya TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Zambia ilikuwa imebanwa. Ilihitaji njia ya kupitishia shaba bila kupita Rhodesia na Afrika Kusini za wakati huo.

Kipande kilichowatoa jasho wajenzi ni kile cha kutoka Mlimba, bondeni, kupanda hadi Makambako. Mahandaki na madaraja yamesongamana humo, na daraja la mto Mpanga limeinuka karibu mita 50 kutoka chini. Ukibahatika kupata treni ya abiria inayopita kipande hicho mchana, ondoka darasani (sikusema mimi). Ila ratiba za treni hiyo ni za kuulizia stesheni, ana kwa ana, na kuulizia tena siku ya safari. Usiku hutaona kitu, utahesabu mahandaki kwa masikio tu. Na picha za reli, madaraja na stesheni usipige kabla hujaomba ruhusa kwa wahusika.

6. Karatasi zako zitembee nawe.

Mwanafunzi wa kigeni hukaa nchini kwa kibali cha ukaazi, daraja C. Beba pasipoti, au angalau nakala yake na ya kibali pamoja na kitambulisho cha chuo. Sababu si ukaguzi wa njiani peke yake. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, tena kidogo mno kuliko mgeni wa kutoka mbali, lakini lazima athibitishe. Nilimwona mwenzangu akilipishwa kama Mzungu kwa kuwa kitambulisho alikiacha kwenye suruali nyingine. Na jua kwamba malango ya hifadhi za taifa hayakusudiwi kupokea noti mkononi, malipo hupita kwenye kadi au simu. Tayarisha salio ungali mjini, mtandao wa milimani una hasira zake.

7. Kitulo, ile yenyewe.

Ukiwa na nguvu ya safari moja tu kwa mwaka mzima, iweke hapa. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ni uwanda wa juu, karibu mita 2,600, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndiyo hifadhi ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Usiende ukitafuta simba. Ziko aina zipatazo 350 za mimea, na kati yake okidi za ardhini peke yake ni aina 45. Mwaka huohuo wa 2005 wanasayansi waliitangazia dunia aina mpya ya kima aitwaye kipunji, anayeishi kwenye misitu ya jirani ya Livingstone na Rungwe. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua miaka yote hiyo. Hakuna aliyewauliza mapema.

Kilichosukuma hifadhi kuanzishwa ni tumbo. Mizizi ya okidi hizo ilikuwa ikichimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia, ambako hutwangwa pamoja na karanga na kupikwa chikanda, chakula kinachokatwa vipande kama mkate. Soko lilikuwa kubwa kuliko uwezo wa ua kuzaliana. Kabla ya hapo, uwanda huu uliwahi kuandikwa kwenye ramani kwa jina la Elton, Mwingereza aliyepita mwaka 1877. Alipita mara moja, jina likabandikwa.

Sasa tatizo. Maua hufunguka wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, na huo ndio wakati ambao barabara inageuka uji. Ukienda Agosti utapita vizuri na utaona nyasi. Mimi nasema nenda na mvua, uchafuke. Njia ni mbili. Ya kwanza ni Njombe hadi Makete, barabara ya lami inayopindapinda kwenye milima ya Kipengere. Ya pili ni kushuka Makambako, kuchukua gari la Mbeya hadi Chimala, kwenye joto na mashamba ya mpunga ya Usangu, kisha kupanda ukuta wa mlima hadi Matamba. Njia hiyo ya kupanda inaitwa Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Nilianza kuzihesabu, nikafika kumi na tisa, mama mmoja aliyekuwa karibu nami akanikabidhi kuku wake nimshikie ili afunge vizuri mtoto mgongoni. Hesabu ikaishia hapo. Ukifika juu utakuwa umevua koti Chimala na kulivaa tena Matamba, katika saa zilezile za mchana.

Lala Matamba Jumamosi, ingia hifadhini alfajiri, saa sita mchana uwe unateremka. Kidokezo cha kwanza bado kinafanya kazi.

8. Mwambie konda akushushe njiani.

Vitu vizuri vya nchi hii havikai stendi. Isimila ni mfano. Iko kilomita zipatazo 20 kabla ya kuingia Iringa ukitokea Makambako, na kila basi linaipita kwa kasi. Mwaka 1951 msafiri aliyekuwa akipita njia hiyo kutoka Nairobi kwenda Johannesburg aliokota mawe yaliyochongwa: mashoka ya watu wa Zama za Mawe, yamelala kwenye korongo kama vitu vilivyosahauliwa jana. Pembeni kuna nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na upepo, ndefu kuliko minazi michanga. Mwambie konda mapema, "Isimila shusha", na umkumbushe tena mkipita Ifunda, kwa sababu atakuwa amesahau.

Ukibaki na muda, endelea hadi Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Hapo limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Walilichukua wakaenda nalo kwao, likarudishwa mwaka 1954. Niliingia na kelele za wanafunzi wenzangu, tukatoka kimya.

9. Nyumbanitu haiendewi kienyeji.

Upande wa Mdandu, wilaya ya Wanging'ombe, kuna msitu mtakatifu wa Wabena wenye pango ambalo watu walijificha nyakati za vita. Jina maana yake ni nyumba nyeusi. Utasimuliwa habari za kuku weusi wanaoishi humo bila mwenyewe, na masharti ya nini useme na nini usiseme ukiwa ndani. Usiende peke yako na usiende na dhihaka. Pitia serikali ya kijiji, upewe mzee wa kukuongoza, umshukuru kwa mkono usio mtupu. Kama wewe ni mtu wa pwani na unajua mzimu na kaya, huhitaji kuelezwa zaidi.

10. Mgema wa huku hapandi.

Kwetu mgema hupanda mnazi. Huku mgema husimama chini, kwenye kichaka cha mianzi. Mvua zikianza hukata ncha ya chipukizi, akaning'iniza kipande cha mwanzi kiitwacho mbeta, na maji hudondoka humo. Kila siku hurudi kukata tena kidogo, asubuhi na jioni. Huo ndio ulanzi. Ukiwa mbichi na mtamu huitwa mtogwa, ukikaa huchachuka na kuwa mkangafu, na hapo majina ya watu huanza kusahaulika. Mimi si mnywaji, lakini nimekaa na wagema nikaona kazi, na nilipotaja methali yetu ya mgema akisifiwa, walicheka kabla sijaimaliza. Mnywaji wewe, jihadhari: ulanzi haujui kuwa Jumatatu una mtihani.

Kuhusu kula: parachichi hununuliwa barabarani kwa bei ya kukutia aibu, na viazi ni kila mahali. Kwa Mombasa yetu ya viazi karai na bajia hii ingekuwa pepo, lakini huku huchemshwa tu na kuwekwa mezani, na kwa ladha yake havihitaji zaidi. Muislamu aulize nyama kabla ya kuagiza. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ni kipenzi cha nyanda hizi, na mara nyingi kikaango ni kilekile. Hakuna atakayekasirika ukiuliza, watakuelekeza hoteli ya jirani.

11. Zijue sikukuu za mwenyeji.

Wikiendi ya siku mbili haifiki Ziwa Nyasa. Ya siku tatu inafika. Kwa hiyo andika ukutani tarehe ambazo kalenda ya kwenu haina: 7 Aprili, 26 Aprili, 7 Julai, 8 Agosti, 14 Oktoba, 9 Desemba. Ikiangukia Ijumaa au Jumatatu, nenda Ludewa. Njiani utapita kipande kirefu cha barabara ya zege, si lami, kwa sababu milima ni mikali na mvua haina adabu. Kutoka Ludewa unateremka hadi Lupingu, na ziwa linakufungukia ghafla chini ya milima ya Livingstone, bluu kama kwetu, ila bila chumvi. Niliogelea nikiwa nimefumba mdomo kwa mazoea.

8 Agosti, Nane Nane, nenda Mbeya kwenye viwanja vya John Mwakangale. Wakulima wa nyanda za juu kusini hukusanyika hapo, na mtu hula vya kuonja mpaka akashiba.

Mwisho wa Februari nenda Songea, kama kilomita 240 kusini mwa Njombe. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo viongozi na wapiganaji wa Kingoni wa vita vya Maji Maji, na kila mwaka hukumbukwa kwenye makumbusho yaliyojengwa mahali hapo. Kabla hujaondoka Njombe, jua kuwa vita hivyo vilifika hapa pia: misheni ya Yakobi, nje ya mji, ilishambuliwa Septemba 1905.

12. Rudi na kitu.

Mwanafunzi anayesafiri kila wikiendi huanza kutazamwa kwa jicho baya bwenini, hasa na wale ambao nauli yao imeishia kwenye bando. Dawa yake ni ndogo. Ukirudi Jumapili jioni, basi likisimama, nunua ndoo ya viazi au parachichi kumi dirishani, uingie nazo chumbani bila hotuba. Mwenzangu wa kitanda cha juu alikuwa akinuna tangu Ijumaa. Aliona ndoo, akashuka, akauliza kisu kiko wapi. Tukiwa tunamenya akaniuliza Kitulo nauli ni kiasi gani, na kama konda wa Chimala anakubali mwanafunzi asimame.